Barua Mbili za Onyo kwa Kosa la Kuamkia

Nimewahi kupewa barua mbili za onyo kazini, zote kwa kosa moja: kuwaamkia watu wazima. Sikuiba, sikuchelewa, sikumtukana mteja. Nilisema shikamoo. Nikiwasimulia watu wa Morogoro hucheka kwanza, kisha huniuliza kama nasema kweli, na nikizitoa barua zenyewe, zenye nembo ya kampuni juu, kicheko hukatika. Wapo walioniambia niyaache yapite. Sitaki yapite.

Duka lenyewe lilikuwa tawi la kampuni kubwa, yenye maduka miji mingi, na ofisi kuu yake Dar es Salaam. Letu lilikuwa upande wa barabara ya kwenda Msamvu, sakafu ya marumaru, viyoyozi vinavuma toka asubuhi, na ukisimama mlangoni unauona mlima wote wa Uluguru mbele yako. Karoti zinazolimwa juu ya mlima huohuo zilikuwa zinashuka, zinapita mbele ya duka letu ndani ya lori, zinakwenda ghalani Dar, zinaoshwa, zinafungwa nailoni, kisha zinarudishwa kwetu zimeshaanza kulegea. Nilipouliza kwa nini tusizinunue pale zinapopita, niliambiwa huo ndio utaratibu. Neno hilo nililisikia pale ndani kuliko nilivyosikia jina langu.

Nisijifanye sikuipenda kazi. Niliipenda sana. Nilikuwa keshia wa kaunta namba tatu, sare ya bluu yenye vifungo vyeupe, naipiga pasi kila jioni. Mimi ni mtoto wa Matombo, nimekulia mashambani kwenye migomba na mdalasini, na nina binti mmoja ninayemlea peke yangu. Mkataba wetu ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja. Ukiisha bila kuongezwa, binti yangu anaacha shule yake ya mjini, tunafunga virago, tunarudi mlimani. Kwa hiyo kila nilichofanya pale nilikifanya nikiwa na mkataba ule kichwani.

Kabla ya kuanza kazi tulifundishwa siku mbili. Alikuja mwalimu kutoka ofisi kuu, msichana mwenye sauti nzuri, akatuketisha chumba cha juu na kumpa kila mmoja karatasi iliyofunikwa nailoni ngumu. Tulitakiwa kuibandika kando ya mashine. Ilikuwa na sentensi tatu. Mteja akifika: "Karibu dukani kwetu. Umepata ulichohitaji leo?" Akiondoka: "Asante, karibu tena." Basi. Hakuna kuongeza, hakuna kupunguza, na meno yaonekane.

Mwenzetu mmoja akanyoosha mkono. "Na akiwa mtu mzima je? Si tunaanza na shikamoo?"

"Mteja hana umri," mwalimu akajibu.

Tulicheka, tukidhani anatania. Hakuwa anatania. Alieleza kwamba shikamoo inamkumbusha mteja uzee wake, na pia inaleta maongezi. Ukisema shikamoo utajibiwa marahaba, kisha hujambo, kisha za nyumbani, kisha watoto, na foleni imesimama. Kuwa mkweli, hakukosea yote. Wiki yangu ya kwanza nilimwamkia mama mmoja aliyevaa jinzi na miwani ya jua, akanitazama toka juu mpaka chini. "Shikamoo ya nini? Mimi na wewe tunazidiana nini?" Nilipotulia niligundua kweli, hatukuzidiana kitu. Siku hiyo nikasema labda karatasi ina akili kuliko mimi, na kwa miezi kadhaa nikaifuata neno kwa neno.

Halafu akaja mama yangu.

Mama hakuwa amewahi kuingia dukani kwetu. Alishuka kutoka Matombo kuleta ndizi zake sokoni, na siku hiyo akaamua apite aone mwanawe anafanya kazi wapi. Hakuniambia. Alifika mlangoni, akaona marumaru inang'aa, akavua kandambili zake. Mlinzi akamwambia, "Vaa tu, mama." Mama akamjibu kwamba atawachafulia watu sakafu yao. Akachukua kikapu cha dukani, akatia kandambili ndani, akaweka na mche mmoja wa sabuni juu yake, akaja moja kwa moja kaunta namba tatu. Akapanga vyote mbele yangu: sabuni, kandambili ya kulia, kandambili ya kushoto.

Siku nyingine yoyote ningevunjika mbavu. Lakini nyuma yangu alikuwa amesimama meneja mpya, kijana aliyehamishiwa kwetu wiki hiyohiyo, ana fomu mkononi, anakagua kama tunasema yaliyoandikwa. Mkataba wangu ulikuwa umebaki miezi michache. Mama alikuwa ameshaandaa uso. Mnaujua uso wa mzazi anayesubiri kuamkiwa na mwanawe mbele za watu: anajifanya anaangalia pembeni, kumbe sikio lote liko kwako.

"Karibu dukani kwetu," nikamwambia mama yangu mzazi. "Umepata ulichohitaji leo?"

Mama akageuka nyuma kuangalia nazungumza na nani. Hapakuwa na mtu. Akarudisha uso kwangu, akanitazama, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nimepata."

"Asante, karibu tena."

Nikamrudishia kandambili zake. Hakuzivaa. Alizishika mkononi akatoka nazo, na meneja nyuma yangu akaandika kitu kwenye fomu. Baadaye alinionyesha: vizuri sana. Nilipata alama zote siku ile, na sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia siku ile.

Jioni nilimpigia simu. "Shikamoo, mama."

Akasema, "Sasa ndiyo unaniona?"

Nikamweleza habari za karatasi, meneja, fomu, mkataba. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Njia nzima nimejiuliza nimekukosea nini," akasema. "Nikasema labda ameona aibu kwa sababu nimekuja peku. Kumbe ni karatasi. Karatasi ndiyo imekuzaa?"

Jumapili nilipanda Matombo kumwomba radhi. Hakunigombeza. Aliitikia shikamoo yangu, akanipakulia chakula, akaniuliza habari za mjukuu wake. Ila nilipomwambia aje tena dukani, nitamwamkia hata kama meneja amesimama juu ya kichwa changu, alikataa. "Usije ukaharibu kazi kwa ajili yangu," akasema, akaendelea kuchambua maharage. Angenitukana ningepona mapema. Lile la kunionea huruma ndilo lililonikaa moyoni, na nikiwa njiani kurudi mjini nilijiapia kwamba hakuna mzee atakayepita tena mbele yangu bila kuamkiwa.

Nikaanza. Jumatatu hiyohiyo nilimwamkia kila aliyestahili. Hata wale waliokuwa mpakani niliwaamkia, potelea mbali, anayeona amezeeshwa aseme. Na wakaitika! Watu walioingia dukani na nyuso za kununa waliitika marahaba kwa sauti ya nyumbani kwao. Ndiyo, foleni ilichelewa kidogo. Mzee mmoja wa kutoka Gairo, aliyeshuka stendi ya Msamvu na kuja kumnunulia mjukuu madaftari, alinipa habari zote za karanga za mwaka ule, na wawili waliokuwa nyuma yake wakaanza kuchangia. Meneja alisikia. Kesho yake nikakuta barua: onyo la kwanza, kutumia salamu isiyoidhinishwa.

Meneja huyo hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonichosha. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka sita au saba, mtoto wa Dar, mpole, anayeogopa ofisi kuu kama sisi tulivyomwogopa yeye. Aliniita ofisini, akanisogezea kalamu.

"Dada, saini hapo yaishe."

"Hapo pameandikwa nakiri kosa. Kosa gani?"

"Utaratibu, dada. Si mimi."

"Kila asubuhi nakuona unamwamkia mlinzi pale mlangoni."

Akajikuna shingo. "Yule ni sawa na baba yangu. Halafu si mteja."

"Kwa hiyo anayetuletea hela ndiye asiyestahili heshima?"

Akaisogeza kalamu karibu zaidi, na mimi sikuishika. Akaandika pembeni kwamba nimekataa, akaiweka barua kwenye faili langu na nakala akanipa. Alinikumbusha kwa upole kwamba zikifika tatu mkataba hauongezwi. Nilikuwa nalijua hilo, nikarudi kaunta.

Barua ya pili ilikuja kwa mkono wa mwanamke mwenye kilemba cha kijani. Alikuwa mtu mzima, miwani ya kusomea imening'inia kifuani, kikapuni ana majani ya chai na biskuti. Nikamwamkia. Akaitika vizuri, tena kwa kunyoosha: "Marahabaa, mwanangu. Hujambo? Watoto hawajambo?" Nikamwambia ninaye mmoja, yuko darasa la tano. Akasema Mungu amkuze. Nilimfungia vitu vyake nikamkabidhi kwa mikono miwili, na alipoondoka nilibaki na tabasamu langu mwenyewe, lile lisilo la karatasi.

Kumbe alikuwa mteja wa siri. Kampuni ilikuwa inawalipa watu waingie dukani wakijifanya wanunuzi, kisha waandike ripoti. Ripoti yake ilisema keshia wa kaunta namba tatu hakutumia salamu ya kampuni, na alizungumza mambo binafsi. Aliniitikia marahaba, akamwombea mwanangu, akaenda kukaa mahali akaandika. Nilimkasirikia meneja, nikaikasirikia ofisi kuu, lakini yule mama nilishindwa hata kumkasirikia. Niliona haya kwa niaba yake. Barua hiyo pia sikuisaini.

Ikabaki moja. Na mkataba ukabaki wiki tatu.

Ndipo tukatangaziwa kwamba mwenye kampuni mwenyewe anakuja kukagua tawi letu. Tulisugua duka mpaka kwenye kona ambazo hazijawahi kuona ufagio. Asubuhi ya ukaguzi meneja alinifuata kaunta, akainama karibu yangu. "Dada, leo nakuomba. Karatasi. Kama ilivyo. Nakuomba kama mdogo wako."

"Nitasoma kama ilivyo," nikamwambia, na nilimaanisha.

Saa nne asubuhi gari likasimama. Akashuka mzee wa haja, nywele nyeupe, shati limenyooka, anatembea taratibu. Meneja alikuwa wa kwanza mlangoni, ameinama kidogo: "Shikamoo, mzee." Mkuu wa ghala: "Shikamoo, mzee." Wa vyakula, wa usafi, wa ulinzi, wote wamejipanga, shikamoo, shikamoo, shikamoo, na yeye anaitika marahaba akiwapa mkono mmoja mmoja. Hakuna aliyemwambia mtu yeyote kwamba mzee hana umri. Hakuna aliyeogopa kumkumbusha uzee wake. Nilisimama kaunta namba tatu nikiona yote, na damu ikanipanda. Kwa hiyo heshima ilikuwepo. Ilikuwa imewekwa kando kwa ajili ya mwenye mali, na mama yangu na sabuni yake hakuwa miongoni mwa waliotengewa.

Mzee akazunguka duka zima. Mwishoni akachukua chupa ya maji akaja kwangu, ili aone tunavyohudumia, meneja na wakubwa wote nyuma yake. Akaiweka chupa mbele yangu, akaandaa uso.

Nikaonyesha meno. "Karibu dukani kwetu. Umepata ulichohitaji leo?"

Akangoja. Alidhani bado naendelea.

"Hujambo, binti?" akasema, vile wazee wanavyomkumbusha mtoto aliyejisahau.

"Umepata ulichohitaji leo?"

Wakubwa waliokuwa nyuma yake wakatazamana. Meneja akafumba macho.

"Wewe ni mwenyeji wa wapi?" mzee akauliza.

"Matombo."

"Na huko Matombo wakubwa hawaamkiwi?"

Sitadanganya kwamba nilikuwa jasiri. Nilikuwa naogopa. Lakini swali lilikuwa limeulizwa, na mwenye kuuliza ndiye mwenye karatasi.

"Wanaamkiwa, baba. Mama yangu alisimama hapo ulipo, kaja peku kwa kuogopa kuwachafulia, nikamsalimia kwa maneno haya haya kwa sababu ndiyo mliyoandika. Mpaka leo hajarudi. Wateja nimewaamkia, nikapewa barua mbili. Wewe nakuheshimu, lakini kwenye kaunta hii siwezi kukupa wewe mwenye karatasi nilichomnyima mama yangu."

Nikaibandua karatasi nikampa. Akavaa miwani, akaisoma. Ilikuwa na sentensi tatu tu, lakini aliisoma muda mrefu. Akauliza imeandikwa na nani. Wale wa nyuma yake kila mmoja akawa anaangalia rafu za viberiti na pipi. Mzee akaitia karatasi mfukoni, akalipia maji yake, akaondoka.

"Asante, karibu tena," nikasema. Ilikuwa imeandikwa.

Wenzangu waligawanyika. Mmoja alinikumbatia stoo mpaka beji yangu ikang'oka; mwingine alisema jeuri yangu itatuponza wote, na hakuwa na makosa kuhofu, naye ana wanaomtegemea. Mimi mwenyewe siku zile sikuwa shujaa nyumbani. Nilimtazama binti yangu akifanya hesabu zake mezani, nikajiita mpumbavu kwa sauti, mpaka akainua kichwa kuniuliza nimekosea nini.

Baada ya wiki moja meneja aliniita ofisini. Alikuwa anacheka, kitu ambacho sikukitegemea. Mezani palikuwa na mkataba mpya, mwaka mzima, jina langu limechapwa. "Umeshinda, dada," akasema. "Mzee mwenyewe kasema uongezwe. Na karatasi inabadilishwa. Kuanzia mwezi ujao mtaruhusiwa kuamkia wazee." Kisha akasogeza karatasi nyingine mbili kutoka chini ya mkataba. "Ila usaini kwanza hizi barua. Faili liwe safi."

Nilizitazama. Nakiri kosa. Nakiri kosa.

"Kama sasa inaruhusiwa, si mzichane?"

"Haziwezi kuchanwa, dada. Wakati ule lilikuwa kosa. Saini tu, ni sekunde. Kalamu hii hapa."

Niliushika mkataba. Niliusoma hadi mwisho, nikauona mwaka mzima wa binti yangu ndani yake: viatu vya shule, rafiki zake, kiti chake karibu na dirisha alichonisimulia. Ningesaini, nani angejua? Barua zingelala kwenye faili, faili kwenye kabati. Lakini mimi ningejua kwamba mkono wangu umeandika kuwa siku nilipowaamkia wazee wa watu nilikosea, na siku nilipomfanya mama yangu ageuke nyuma nilikuwa sahihi. Nilitaka sana kusaini. Nasema hivi kwa sababu watu hudhani anayekataa hatamani.

"Hapana," nikasema.

Meneja alipauka. Akapiga simu ofisi kuu palepale, akaeleza kwa kunong'ona, akasikiliza, akasimama wima ghafla, kisha akanipa simu kwa mikono miwili. "Ni mzee mwenyewe."

"Binti," sauti ikasema, na ilikuwa sauti ya upole, ya mtu aliyechoka. "Tumekubadilishia karatasi. Tumekupa mkataba. Kilichobaki ni saini tu."

Sikuwa kaunta. Hapakuwa na karatasi kando yangu wala mtu wa kunipa alama.

"Shikamoo, baba," nikasema.



"Marahaba," akaitika, taratibu. "Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, baba. Lakini sisaini."

Nikamrudishia meneja simu yake, nikaanza kufungua vifungo vya sare.